Askari Mwanariadha na Hesabu ya Miaka Yake

Mtu afikaye Kimaka alfajiri, wakati ukungu wa Mto Naili bado umelala juu ya bonde, husikia vishindo vya miguu kabla ya kuwaona wakimbiaji wenyewe. Barabara ipitayo karibu na uwanja mdogo wa ndege na karibu na chuo wanachosomea ukamanda maafisa wa Jeshi la Ulinzi la Wananchi wa Uganda huwa ni mali ya wakimbiaji saa hiyo. Wako wanaokimbia kwa amri, na wako wanaokimbia kwa sababu miguu yao haiwezi kutulia. Hao wa pili hutambulika mara moja: hawaimbi, na hawatazami nyuma.

Mmoja wa hao wa pili, kijana wa miaka 22 ambaye tumekubaliana naye tusilitaje jina lake, alitusimamisha siku moja tulipokuwa tukipita. Alikuwa na bahasha. Ndani yake mlikuwa na barua ya kocha wa chuo kimoja cha Marekani, ikimwambia kwamba nyakati zake za mita 5,000 zimeonekana na kupendwa, na kwamba chuo kingependa kumlipia karo, malazi na chakula kwa muda wa masomo yake. Lakini nyuma ya barua hiyo palikuwa na ukurasa wa maswali. Ulimaliza shule ya sekondari mwezi gani na mwaka gani? Tangu hapo umeshiriki mashindano gani? Nani alilipa nauli? Ulipewa fedha? Ulivaa sare ya timu?

"Mzee," alituambia, "fulana ya timu nimevaa. Fulana nayo ni kosa?"

Tulimwahidi kwamba tungeuliza, tungesoma, kisha tungemjibu katika ukurasa huu. Kwani tuligundua baadaye kwamba si yeye peke yake. Polisi wako wenye bahasha kama hiyo, na Magereza pia. Wengi wao wamekaa nayo kimya, wakidhani kwamba kuvaa sare ya serikali kumewafungia mlango. Wengine wameshauriwa na watu wa njiani waijibu kwa uongo. Ndiyo maana tumeona yafaa jambo hili lielezwe kwa kirefu.

Tuanze na fulana. Michezo ya vyuo vya Marekani kwa sehemu kubwa husimamiwa na chama kiitwacho NCAA, kilichoanzishwa mwaka 1906, baada ya vijana wengi kuumia na kufa katika mchezo wa mpira wa miguu wa Kimarekani. Chama hicho humtaka mwanariadha wa chuo astahiki. Na kustahiki kuna milango kadhaa. Upo mlango wa masomo, yaani vyeti na alama. Upo mlango wa ridhaa, yaani asiwe amelipwa kwa ajili ya mchezo wake. Na upo mlango wa tatu ambao vijana wetu wengi hawaujui mpaka uwabane vidole: mlango wa miaka.

Kwa muda mrefu kanuni ya miaka imekuwa hivi. Mwanafunzi hupewa misimu minne ya kushindana, na misimu hiyo hana budi kuimaliza ndani ya miaka mitano. Saa ya miaka mitano huanza kugonga siku anapojiandikisha kuwa mwanafunzi wa muda kamili katika chuo chochote cha juu, popote duniani. Maana yake ni kwamba kijana aliyejiandikisha Makerere au Bugema kwa mwaka mmoja, kisha akaacha na kujiunga na jeshi, saa yake ilikwisha kuanza kugonga huku kwetu, hata kama hakuna mtu Marekani aliyewahi kulisikia jina lake.

Zaidi ya hayo ipo hesabu ya aliyechelewa. Hadi kufikia mwaka 2025, kijana wa riadha aliyetaka kuingia katika daraja la kwanza la vyuo hivyo alipewa muda wa mwaka mmoja tu baada ya wenzake wa darasa kumaliza sekondari. Akikawia zaidi ya hapo bila kujiandikisha chuoni, na huku akiendelea kushiriki mashindano rasmi, basi kila mwaka wa mashindano ulimla msimu mmoja katika ile minne. Na alipofika chuoni alilazimika kukaa mwaka mzima wa masomo bila kushindana. Kanuni hizo hurekebishwa mara kwa mara, na kila asafiriye yampasa asome zile za mwaka wake, wala asitegemee za binamu yake aliyekwenda zamani.

Sasa mashindano rasmi ni yapi? Hapa ndipo fulana inapoingia. Chama hicho kimeeleza ishara kadhaa, na ishara moja tu yatosha: kwamba siku ya mashindano ilipangwa mapema, kwamba palikuwa na waamuzi au washika saa, kwamba matokeo yaliandikwa rasmi, kwamba watazamaji walilipa kiingilio, kwamba timu ilikuwa na mfadhili, kwamba washindani walivaa sare. Msomaji atajionea mwenyewe kwamba katika jeshi na katika polisi hakuna mbio zisizo na angalau tatu kati ya ishara hizo. Mbio za kikosi kwa kikosi huwa na ratiba, huwa na afande mwenye saa mkononi, na huwa na fulana. Michezo ya majeshi ya Afrika Mashariki, na ile ya polisi wa kanda hii, haihitaji hata kuulizwa.

Basi fulana si kosa. Fulana ni ushahidi. Haimharamishi mtu, lakini humhesabia.

Lipo neno jingine ambalo tungependa askari wetu alisome mara mbili. Chama hicho kilipoandika, na kuendelea kuandika kwa miaka mingi, kanuni ya kuhesabu mashindano ya aliyechelewa, kiliweka ndani yake msamaha: mashindano ambayo mtu alishiriki wakati akitumikia majeshi ya Marekani yasihesabiwe. Kijana wa Texas aliyekimbia miaka mitatu katika jeshi la nchi yake alifika chuoni na misimu yake minne mizima. Kijana wa Kapchorwa aliyekimbia miaka mitatu katika jeshi la nchi yake hakutajwa. Hatusemi kwamba waandishi wa kanuni walikuwa na nia mbaya. Walikuwa wakiwatazama vijana wao wanaorudi kutoka vitani, na ni haki yao kuwatazama. Lakini askari ni askari, na gwaride la asubuhi halina tofauti kubwa kati ya nchi na nchi.

Jambo hili la kumhesabia mgeni miaka yake lina historia, na historia yenyewe yatuhusu sisi watu wa Afrika Mashariki kuliko tunavyodhani. Katika miaka ya 1960 NCAA ilikuwa na kanuni iliyowalenga wageni waziwazi. Mwanafunzi asiye raia wa Marekani, akishiriki mashindano yoyote nchini kwao baada ya kutimiza miaka 19, alipoteza mwaka mmoja wa kustahiki kwa kila mwaka wa namna hiyo. Mmarekani mwenye umri uleule hakuguswa na kanuni hiyo. Kanuni iliendelea mpaka ilipogongana na Chuo Kikuu cha Howard, chuo cha Wamarekani weusi kilichoko Washington, ambacho, wanajeshi wapendao historia wakumbuke, kimepewa jina la jenerali wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi hiyo, Oliver Otis Howard.

Timu ya kandanda ya Howard ilitwaa ubingwa wa vyuo mwaka 1971, ikiwa na wachezaji wengi kutoka visiwa vya Karibi na kutoka Afrika. Baadaye ilinyang'anywa ubingwa huo kwa madai ya wachezaji wasiostahiki. Howard ikaenda mahakamani. Mwaka 1973 hakimu wa mahakama ya shirikisho mjini Washington alitamka kwamba kanuni ile iliyowabagua wageni haipatani na katiba, kwa kuwa inawatenga watu kwa uraia wao badala ya kuwapima kwa umri au uzoefu wao. Na mwaka 1975 mahakama ya rufaa ikakubaliana naye. Ubingwa wa 1971 haukurudishwa, maana yalikuwapo makosa mengine. Lakini mwaka 1974 vijana wa Howard walicheza msimu mzima bila kufungwa, wakautwaa tena ubingwa kwa kuishinda Saint Louis baada ya muda wa nyongeza kuongezwa tena na tena. Nasi twaona kwamba hilo lilikuwa jibu zuri kuliko hukumu.

Mlango ulipofunguka, walioingia kwa wingi ni wakimbiaji wetu. Wengine walikuwa wameshatangulia: Julius Sang na Robert Ouko, waliokuwa katika timu ya Kenya iliyoshinda mbio za kupokezana za mita 400 mara nne huko Munich mwaka 1972, walisoma katika chuo cha North Carolina Central, na Mike Boit, aliyepata shaba ya mita 800 mwaka huohuo, alisoma Eastern New Mexico, akaja kuwa mwalimu wa chuo kikuu nchini kwake. Lakini baada ya hukumu ile wimbi lilikuwa jingine. Samson Kimobwa wa chuo cha Washington State alivunja rekodi ya dunia ya mita 10,000 mjini Helsinki mwaka 1977. Mwaka uliofuata mwenzake wa chuo hichohicho, Henry Rono, alifanya jambo ambalo hatujaliona tena: kati ya tarehe 8 Aprili na tarehe 27 Juni mwaka 1978 alivunja rekodi nne za dunia, za mita 5,000, za mita 3,000 kuruka viunzi na maji, za mita 10,000 na za mita 3,000. Siku 81, rekodi nne.

Rono alizaliwa mwaka 1952. Mwaka ule wa maajabu alikuwa na umri wa miaka 26. Kama kanuni ya kale ingalikuwapo, asingalikuwa na msimu hata mmoja wa kukimbilia chuo.

Na huko El Paso, katika mpaka wa Texas na Meksiko, chuo kiitwacho UTEP kilijaza timu yake Waafrika. Suleiman Nyambui wa Tanzania, aliyezaliwa mwaka 1953, alikuwa bingwa wa mbio za nyika wa vyuo mwaka 1980, mwaka uleule aliopata fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow. Chuo hicho kilishinda ubingwa wa mbio za nyika wa vyuo mwaka 1978, 1979, 1980 na 1981, mfululizo. Makocha wa vyuo vingine walilalamika kwa sauti kubwa: hawa si vijana, ni watu wazima, mtoto wa miaka 18 aliyetoka sekondari juzi atawezaje kushindana na mtu wa miaka 27 aliyekwisha kukimbilia taifa lake?

Twakiri kwamba malalamiko hayo yalikuwa na chembe ya haki. Mtu mzima ni mtu mzima. Ndipo mwaka 1980 ikatungwa kanuni mpya isiyotaja uraia hata kidogo: mtu yeyote, wa taifa lolote, akishindana baada ya kutimiza miaka 20 kabla hajaingia chuoni, miaka hiyo ihesabiwe. Baadaye umri huo ulisogezwa mbele, kisha hesabu ikahamia kwenye mwaka wa kumaliza sekondari. Kwa maandishi kanuni ni moja kwa wote. Kwa vitendo humlemea zaidi kijana anayechelewa shule kwa kukosa karo, anayekwenda kuajiriwa kwanza ili awasomeshe wadogo zake, na anayegundua kipaji chake kambini. Kijana wa namna hiyo kwetu yuko katika kila kikosi.

Tumalize mlango wa miaka, tuje mlango wa ridhaa, maana hapo pana swali la pili la kijana wetu wa Kimaka: "Mimi nalipwa mshahara. Je, mimi ni mchezaji wa kulipwa?"

Neno hili ridhaa lina asili isiyo nzuri kama sauti yake. Mwaka 1866 mabwana wa London walipounda chama chao cha riadha, walimweleza mwanamichezo wa ridhaa kuwa mtu asiyekimbilia fedha, na wakaongeza kwamba asiwe fundi, wala mwenye kazi ya mikono, wala kibarua. Yaani kosa halikuwa kulipwa kwa ajili ya kukimbia tu. Kosa lilikuwa kuwa mtu wa jasho.

Askari wasio maafisa walionja uchungu wa fikra hizo. Katika Olimpiki ya London ya mwaka 1948, mashindano ya kumwongoza farasi kwa madaha yaliruhusiwa kwa maafisa wa jeshi na kwa waungwana wa kiraia. Sajini hakuruhusiwa, kwa kuwa ilihesabiwa kwamba mtu wa cheo chake hupanda farasi kwa ujira. Uswidi ilikuwa na mpanda farasi hodari aitwaye Gehnäll Persson, mwenye cheo cha chini ya uafisa. Jeshi lao likampa uluteni majuma machache kabla ya michezo. Timu ikashinda dhahabu. Majuma machache baadaye, luteni akarudishwa kuwa kama alivyokuwa. Wakubwa wa mchezo huo walipogundua, mwaka 1949, waliinyang'anya Uswidi dhahabu ikaenda Ufaransa. Hakuna aliyesema kwamba Persson alipanda vibaya; kilichoonekana kibaya ni mabega yake. Kanuni ilibadilishwa, na Persson yuleyule akarudi katika timu iliyoshinda mwaka 1952, na tena mwaka 1956.

Na kisa cha Jim Thorpe kinawahusu wanaosoma Kimaka kwa namna ya pekee. Thorpe, mtu wa kabila la Sac na Fox, wenyeji wa asili wa Marekani, alikuwa mwanafunzi wa shule ya Carlisle huko Pennsylvania, shule iliyowekwa katika kambi ya zamani ya jeshi. Kambi hiyohiyo leo ndiyo makao ya Chuo cha Vita cha Jeshi la Marekani. Mwaka 1912, mjini Stockholm, alishinda michezo mitano na michezo kumi, dhahabu mbili. Miezi michache baadaye ikajulikana kwamba mwaka 1909 na 1910 alikuwa amecheza besiboli North Carolina kwa vijidola vichache. Wanafunzi wengi walifanya hivyo wakati wa likizo, ila wenye akili za mjini walitumia majina ya bandia. Thorpe alitumia jina lake. Akavuliwa medali mwaka 1913. Alifariki mwaka 1953 bila kuziona tena. Familia yake ilipewa nakala mwaka 1983, na ni mwaka 2022 tu Kamati ya Olimpiki ilipomtambua tena kuwa mshindi wa peke yake.

Katika miaka ya vita baridi, hoja ya mshahara iligeuka kuwa silaha. Nchi za Magharibi zilisema kwamba wanamichezo wa Urusi si wa ridhaa, kwa sababu klabu ya CSKA ilikuwa ya jeshi na klabu za Dynamo zilikuwa za vyombo vya usalama. Warusi nao waliuliza: na yule mwanafunzi wa Marekani anayelipiwa karo, chumba na chakula kwa sababu tu anakimbia, yeye ni nini? Avery Brundage, Mmarekani aliyeongoza Kamati ya Olimpiki hadi mwaka 1972, aliwalaumu wote wawili, na huenda hilo ndilo jambo moja ambalo hakuna upande uliomshukuru.

Jibu, kwa maoni yetu, lilionekana Munich tarehe 2 Septemba mwaka huo wa 1972. Katika fainali ya mita 400 kuruka viunzi walisimama watu watatu ambao leo twaweza kuwatazama kama somo. David Hemery wa Uingereza, bingwa wa Olimpiki iliyotangulia, alikuwa amesoma Chuo Kikuu cha Boston. Ralph Mann wa Marekani alikuwa zao la Chuo Kikuu cha Brigham Young. Na katika njia ya kwanza, njia yenye kona kali ambayo hakuna mwenye kuipenda, alikuwa John Akii-Bua, polisi wa Uganda, aliyefundishwa na Malcolm Arnold na aliyezoea kuruka viunzi akiwa amevaa fulana yenye uzito. Chuo kilimlisha mmoja, chuo kilimlisha wa pili, jeshi la polisi lilimlisha wa tatu. Kwa sheria wote watatu walikuwa watu wa ridhaa. Polisi alishinda kwa sekunde 47.82, mtu wa kwanza duniani kushuka chini ya 48. Mann akawa wa pili na Hemery wa tatu.

Akii-Bua hakupata nafasi ya kuutetea ushindi huo. Mwaka 1976 Uganda ilikuwa miongoni mwa nchi za Afrika zilizosusia Montreal. Mwaka 1979 vita vilimkimbiza hadi Kenya akiwa mkimbizi, kisha kampuni ya viatu ya Puma ikamchukua Ujerumani na kumpa kazi. Alirudi nyumbani, akafariki mwaka 1997. Mara nyingi tumejiuliza maisha yake yangekuwaje kama angekuwa na shahada mfukoni siku ile ya kuvuka mpaka. Hatulijui jibu, lakini swali lenyewe ndilo linalotufanya tusiwacheke vijana wenye bahasha.

Basi, mshahara. Kanuni za vyuo kwa muda mrefu zimeruhusu mtu alipwe kwa kazi aliyoifanya kweli, kwa kiwango cha kawaida cha kazi hiyo. Anayelinda lindo, anayeshika doria, anayekwenda operesheni, mshahara wake ni wa uaskari. Matatizo huanza pale mtu alipoandikishwa kuwa askari na hali kazi yake yote ni kukimbia, au alipopokea fedha za zawadi kuzidi gharama zake, au, na hili ndilo hatari kubwa, alipotia sahihi mkataba na wakala. Tumewaona vijana waliotia sahihi karatasi ya wakala kwa ahadi ya jozi ya viatu vya misumari. Sahihi hiyo imeua safari nyingi kuliko mishahara yote ya jeshi.

Haifai tuwafiche wasomaji kwamba hao wenyewe walioitunga ridhaa hawaiamini tena kama zamani. Neno lenyewe la mwanafunzi-mwanariadha lilienezwa katika miaka ya 1950 na Walter Byers, mkuu wa NCAA, na sababu yake haikuwa ya kimichezo. Mwaka 1955 kijana Ray Dennison alifariki kwa jeraha la kichwa alilolipata akichezea chuo kidogo cha Colorado. Mjane wake alidai fidia, kama mjane wa mfanyakazi yeyote angedai. Mwaka 1957 mahakama kuu ya jimbo ilimnyima: marehemu hakuwa mfanyakazi. Byers mwenyewe, alipostaafu, aliandika kitabu mwaka 1995 akiushambulia mfumo alioujenga. Hapa askari wetu ana jambo la kupima kabla ya kuvua sare. Akifia kazini, mjane wake ana mahali pa kwenda kudai. Akivunjika mguu katika uwanja wa chuo ugenini, na asiupatie tena mguu kasi yake, hana budi aulize mapema msaada wa masomo utadumu kwa muda gani.

Mwaka 2021 Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani, majaji wote tisa kwa sauti moja, iliibana NCAA katika shauri la Alston. Na tangu tarehe 1 Julai mwaka huohuo wanafunzi wakaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao katika matangazo. Mwezi Juni 2025 jaji mmoja wa California aliidhinisha mapatano yanayoviruhusu vyuo vyenyewe kuwalipa wanariadha wao moja kwa moja. Ridhaa waliyovuliwa kwayo kina Thorpe sasa haina hata kamba ya kuifungia. Lakini mgeni asishangilie haraka. Viza ya mwanafunzi humzuia mgeni kufanya kazi za malipo ila kwa masharti makali, na kwa hiyo mlango wa fedha uliofunguliwa kwa Mmarekani umebaki nusu wazi, au umefungwa kabisa, kwa mwenzake wa Kapchorwa anayelala kitanda cha pili katika chumba hichohicho. Atakayechukua fedha hizo bila kuuliza hatapoteza msimu tu. Aweza kupoteza viza.

Si lazima kila mwenye mbio aende. Joshua Cheptegei, polisi wa Uganda, alibaki nyumbani, akasoma Bugema, akavunja rekodi za dunia za mita 5,000 na 10,000 mwaka 2020, akashinda dhahabu Tokyo na tena Paris mwaka 2024. Stephen Kiprotich wa Magereza alishinda maratoni ya Olimpiki ya London mwaka 2012 bila kupita chuo cha Marekani. Lakini Cheptegei na Kiprotich ni watu wawili. Wengi wa wakimbiaji wa alfajiri ya Kimaka hawatavunja rekodi ya dunia. Kwao msimu mmoja wa kustahiki ni mwaka mmoja wa uhandisi au uhasibu uliolipiwa na mtu mwingine.

Tulirudi Kimaka na majibu hayo. Tulikaa na kijana wetu chini ya mwembe, akatoa bahasha. Hesabu yake ilikuwa hivi: alimaliza kidato cha sita akiwa na miaka 19, mwaka wa kwanza baada ya hapo ulikuwa wa msamaha, miaka miwili iliyofuata alikimbia katika fulana ya kikosi, na yote miwili ilihesabika. Ilimbaki misimu miwili, na mwaka wa kwanza wa kukaa bila kushindana. Hakuwa ametia sahihi karatasi ya wakala yeyote. Fedha za zawadi alizowahi kupata hazikufikia nauli ya kwenda Kampala na kurudi.

Yupo mtu aliyekuwa amemshauri aandike kwamba alimaliza shule miaka miwili baadaye. Tulimkumbusha kwamba matokeo ya mtihani wa taifa huandikwa kwa mwaka, kwamba tarehe yake ya kuzaliwa imo katika faili la jeshi, na kwamba matokeo ya mbio zake, pamoja na picha, yako mahali ambapo kocha aliyempata alikwisha kuyaona. Maana vinginevyo angempataje? Tulimwambia pia kwamba kabla ya kocha hana budi kumwona mkuu wake wa kikosi, kwa maandishi, kwa njia ya kawaida ya ngazi, kwani askari anayeondoka kwenda masomoni bila ruhusa ana jina jingine katika sheria za jeshi.

Alisikiliza. Akauliza kama mwaka ule wa kukaa bila kushindana atalipiwa chakula. Tukamwambia hilo aliandike liwe swali lake la kwanza kwa kocha, na asubiri jibu la maandishi. Akachomoa kalamu kutoka mfukoni, akaweka karatasi juu ya goti, akaorodhesha mbio zake moja baada ya nyingine, pamoja na moja ya nyika ambayo sisi hatukuijua. Alipofika kwenye swali la sare alitutazama kidogo, kisha akaandika: Ndiyo.